Kettering: Mtoto wa mkulima aliyeyapa magari cheche

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

GARI la zamani linapozimika katika kona za barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, kisha likawaka tena baada ya kupoa, mafundi wengi hushuku kifaa kimoja: koili. Mfumo unaokiunganisha kifaa hicho na betri pamoja na platini ni kazi ya Mmarekani Charles Franklin Kettering, aliyefariki dunia mwaka 1958.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876, katika shamba lililo karibu na mji wa Loudonville, jimbo la Ohio. Ugonjwa wa macho ulimkatiza masomo ya chuo kikuu, lakini hakukata tamaa. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 27, akaajiriwa na kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha mjini Dayton.

Jioni, yeye na wenzake walikutana katika banda la rafiki yake, Edward Deeds, kutafuta njia bora ya kuwasha injini. Mwaka 1909 wawili hao walianzisha kampuni ya Delco, na mfumo wao ukafungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910.

Siri yake ni nyepesi. Umeme wa betri hupita katika waya mnene wa koili. Platini zinapoachana, umeme huo hukatika ghafla, na katika waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara huzuka nguvu ya maelfu ya volti, inayoruka kama cheche kwenye plagi.

Koili iliyochoka hupata joto, kinga ya nyaya zake za ndani hulegea na cheche hufifia. Hata hivyo, si kila gari lizimikalo mlimani lina koili mbovu, kwani petroli ikigeuka mvuke kwenye bomba huleta dalili zile zile. Kwa hiyo fundi makini hupima cheche injini ikiwa bado ya moto. Cheche ikiwa kali, hugeukia njia ya mafuta. Ikiwa hafifu, hukagua betri, nyaya, platini na kondensa kabla ya kuihukumu koili.

Baada ya koili, Kettering alitengeneza stata ya umeme, iliyofungwa katika Cadillac za mwaka 1912. Kabla ya hapo injini iliwashwa kwa kuzungusha hendeli, kazi iliyovunja mikono ya wengi.

Lakini sifa zake zina doa zito. Akiwa mkuu wa utafiti wa General Motors, mwaka 1921 msaidizi wake, Thomas Midgley, aligundua kuwa madini ya risasi yakichanganywa na petroli huzuia injini kugonga. Mwaka 1924 wafanyakazi waliotengeneza mchanganyiko huo walikufa kwa sumu yake, ila biashara haikukoma. Moshi wake uliendelea kudhuru watu kwa miongo mingi, hasa ubongo wa watoto.

Nchi za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021.

Kettering alistaafu mwaka 1947, miaka miwili baada ya jina lake kuwekwa, pamoja na la Alfred Sloan, katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini New York. Alifariki Novemba 25, 1958, akiwa na umri wa miaka 82, akimiliki hataza zaidi ya 180.

Hivyo mtu mmoja ameacha urithi wa aina mbili: cheche inayolipandisha gari kuukuu hadi Soni na Lushoto, na sumu ambayo dunia ilihitaji karibu miaka 100 kuiondoa barabarani.