Babbage: Mashine Yake Iliundwa Yeye Yuko Kaburini

Mwaka 1988 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja hapa Mombasa, na ofisi yetu ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza. Jioni, wenzangu walipokuwa wakienda zao, mimi nilibaki nyuma kwa ruhusa ya mkubwa wangu, nikinakili daftari la marehemu babu. Humo alikuwa ameandika kwa hati za Kiarabu majina ya majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, manahodha wake na shehena walizoleta. Nikayatia yote katika diski tatu, nikajiona nimemaliza kazi. Baadaye daftari lenyewe likaliwa na mchwa, nami sikushtuka sana, maana nilijua nakala ninayo.

Miaka ikapita. Kompyuta ile ikatupwa, na zilizokuja baada yake hazikuwa hata na mahali pa kutilia diski kama zangu. Nikawa na amana mkononi nisiyoweza kuifungua. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, ndiye aliyenieleza kuwa duniani wako watu ambao kazi yao ni kufufua mashine za kale. Wengine huziunda upya, chuma kwa chuma. Wengine hutunga programu inayoifanya kompyuta ya leo ijigeuze kuwa ile ya zamani, ili kazi zilizoandikiwa mashine iliyokufa zipate kusomeka tena. Katika kunieleza akanitajia jina la Charles Babbage, Mwingereza aliyefariki mwaka 1871. Nimemsoma huyu bwana kwa muda sasa, na leo nataka nikusimulie maisha yake, kwani ndani yake mna fundisho linalotuhusu sisi wenye makasha ya karatasi nyumbani.

Babbage alizaliwa London tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake alikuwa tajiri mwenye benki. Utotoni afya yake haikuwa nzuri, lakini alipenda hesabu mno, akajisomea mwenyewe vitabu vilivyokuwa vigumu kwa watu wazima. Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, na hakukaa sana akaona kwamba masomo ya hesabu yaliyokuwa yakifundishwa pale yalikuwa yamebaki nyuma ya yale ya Ufaransa. Yeye na wenziwe, akiwamo John Herschel, wakaunda chama chao cha kuyatengeneza mambo hayo. Mwaka 1814 akamwoa Georgiana Whitmore, ingawa baba yake hakuiridhia ndoa ile. Miaka sita baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanajimu cha London.

Sasa hapana budi tueleze jambo lililomkera. Zama zile nahodha wa meli, mnajimu, mhandisi na karani wa bima wote walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu. Majedwali hayo yalipigwa hesabu na watu, yakanakiliwa na watu wengine, kisha yakapangwa herufi za chuma na watu wa tatu katika mtambo wa kupigia chapa. Kila mkono uliongeza makosa yake. Sisi wa pwani tunaweza kulifahamu jambo hili upesi. Chukua ratiba ya nyakati za Swala. Tarakimu moja ikikosewa na mpiga chapa, kila aliyeitundika ukutani anaweza kufuturu kabla ya jua kuchwa, na asijue. Kwa baharia aliye katikati ya bahari, tarakimu moja mbovu yaweza kuwa mwamba.

Mwaka 1821 Babbage na Herschel walikaa wakilinganisha majedwali ya unajimu, wakakuta kosa juu ya kosa. Hapo ndipo lilipomjia wazo kwamba kazi hii iondolewe katika mikono ya binadamu, ifanywe na mashine inayoendeshwa kwa mvuke, na mashine hiyo hiyo ichapishe majibu ili asiwepo mtu wa kukosea katikati.

Ufundi wa mashine yenyewe ulisimama juu ya siri moja nyepesi. Zitazame namba hizi: 1, 4, 9, 16, 25. Hizo ni 1, 2, 3, 4 na 5, kila moja ikizidishwa kwa nafsi yake. Toa kila moja katika ile inayofuata, utapata 3, 5, 7, 9. Toa tena, utapata 2, 2, 2. Kwa hivyo ukitaka namba inayofuata huna haja ya kuzidisha. Ongeza 2 juu ya 9 upate 11, kisha ongeza 11 juu ya 25 upate 36. Ni kujumlisha tu, na kujumlisha ni kazi ambayo magurudumu yenye meno yanaweza kuifanya bila ya kuchoka wala kusinzia.

Mwaka 1822 aliwaonyesha wataalamu mfano mdogo wa mashine yake, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha. Akamwajiri fundi hodari wa chuma, Joseph Clement. Mashine nzima ilitakiwa iwe na vipande kama 25,000, na vingi vilitakiwa vilingane kama mapacha, katika wakati ambao hata kuchonga skrubu mbili zinazofanana kulikuwa ni shida.

Kisha ukaja mwaka 1827. Katika mwaka huo mmoja Babbage alimzika baba yake, mtoto wake wa kiume, na mkewe Georgiana. Alivunjika moyo, akaondoka kwenda kuzunguka nchi za Ulaya. Mwaka 1828 akapewa kiti cha uprofesa wa hesabu pale Cambridge, kile kile alichowahi kukikalia Isaac Newton. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye karakana. Mwaka 1832 sehemu moja ya mashine, kama moja ya saba, iliunganishwa na ikafanya kazi barabara. Mwaka 1833 yeye na Clement wakagombana juu ya malipo, fundi akaweka nyundo chini, na kazi ikasimama. Maelfu ya vipande vilivyokwisha kutengenezwa hatimaye viliyeyushwa kama vyuma vikuukuu. Serikali ilikuwa imekwisha kutoa zaidi ya pauni 17,000, nayo ikajitoa rasmi mwaka 1842.

Mshika mbili moja humponyoka. Haki ya Mungu, sehemu ya lawama ilikuwa yake mwenyewe. Tangu mwaka 1834 akili yake ilikuwa imevutwa na mashine nyingine, kubwa kupita ile ya kwanza. Hii haikuwa ya kujumlisha tu. Ilikuwa na sehemu mbili, moja akaiita ghala, ambamo namba huwekwa, na ya pili akaiita kinu, ambamo namba husagwa. Amri zake zilikuwa zitoke katika kadi zenye matundu, mfano wa zile alizotumia Mfaransa Jacquard katika mitambo ya kufumia hariri ya maua. Mashine ingeweza kurudia kazi mara nyingi, na hata kuchagua njia kulingana na jibu ililopata. Ghala, kinu na amri: hivyo ndivyo ilivyo kompyuta ya leo.

Mwanamke mmoja aliifahamu mashine hiyo kuliko wengi. Huyu ni Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron. Mwaka 1843 alifasiri makala ya Mtaliano Menabrea juu ya mashine ile, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyo marefu kuliko makala. Katika maelezo hayo mna jedwali linaloonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine itakavyotafuta namba ziitwazo za Bernoulli. Wengi huihesabu kuwa ndiyo programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa. Na hatua za namna hiyo Wazungu huziita kwa neno lililotokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa. Kwa hivyo elimu hii si ngeni kwetu kama tunavyodhani.

Mashine ile ya kadi haikujengwa. Hata hivyo Babbage hakukata tamaa, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kati ya mwaka 1847 na 1849 aliirudia mashine yake ya kwanza, akaichora upya kwa yale aliyojifunza katika ile ya pili. Sasa ilikuwa na vipande kama 8,000 tu badala ya 25,000, na iliweza kushika namba zenye tarakimu 31. Mwaka 1852 akaipeleka michoro serikalini. Ikakataliwa. Akaikunja, akaiweka.

Uzeeni alikuwa mtu mkali, mwenye kugombana na watu wa serikali, na zaidi na wapiga vinanda wa barabarani, ambao kelele zao zilimwudhi kiasi cha kupigania sheria ya kuwafukuza. Wao nao walimjia chini ya dirisha makusudi. Alifariki London tarehe 18 Oktoba, 1871, akiwa na umri wa miaka 79. Watu wengi walimkumbuka kama mzee aliyekula fedha za serikali na asionyeshe kitu. Mwanawe Henry alikusanya vipande vilivyobaki, akaunganisha vielelezo vichache, na mwaka 1889 akatoa kitabu cha maandishi juu ya mashine za baba yake. Michoro na madaftari yakahifadhiwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London.

Karatasi hizo zilikaa kimya mpaka alipokuja mtaalamu kutoka Australia, Allan Bromley, akazisoma moja moja. Aliona kwamba mashine iliyochorwa mwaka 1849 ingeweza kujengwa, na mwaka 1985 akalipeleka wazo hilo kwa watu wa makumbusho. Doron Swade, aliyekuwa msimamizi wa kompyuta pale, akaisimamia kazi hiyo. Kulikuwa na swali la zamani la kujibiwa: je, Babbage alishindwa kwa sababu mafundi wa wakati wake hawakuwa na uwezo, au kwa sababu nyingine? Kwa hivyo walipatana kwamba vipande vitachongwa kwa mashine za kisasa, lakini visiwe sahihi kuliko vile alivyoweza kuchonga fundi wa zama zake. Shaba, chuma cha kusubu na feleji viliteuliwa vifanane na vile vya kale. Michoro ilikuwa na makosa machache, sehemu nyingine zikiwa zimechorwa kinyumenyume, nayo yakasahihishwa.

Mwezi wa Novemba, 1991, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 200 tangu azaliwe Babbage, mashine ikazungushwa kwa mkono, ikapiga hesabu yake nzima bila ya kosa. Sehemu ya kuchapisha ilimalizika mwaka 2002. Mashine nzima ina uzito wa tani tano hivi na urefu wa zaidi ya mita tatu. Jawabu likapatikana: mzee yule hakuwa mwongo. Chuma kingeweza. Yaliyomshinda ni fedha, ugomvi na mabadiliko yake mwenyewe ya kila siku.

Na ile ya kadi? Yenyewe haipo, lakini wapo waliotunga programu za kuiigiza ndani ya kompyuta za leo. Jedwali la Ada nalo limejaribiwa, na katika hatua moja ikaonekana namba za kugawanya zimegeuzwa, ya juu imewekwa chini. Huenda ni mkono wake, huenda ni mpiga chapa. Ukiligeuza kosa hilo, namba zinatoka. Tazama jinsi dunia ilivyo: kosa la uchapishaji, adui yule yule aliyemtoa Babbage usingizini, lilikuwa limejificha katika maandishi yanayoisifu mashine yake.

Narudi kwenye diski zangu. Mpwa wangu alipata kifaa cha kuzisomea, akatia na programu ya kuigiza kompyuta ya miaka ile. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya diski. Aliniuliza kama niliandika mahali popote ni kompyuta ya aina gani niliyotumia, na programu gani. Bahati nzuri, kwenye vibandiko vya diski mbili nilikuwa nimeandika kwa kalamu. Hizo zilifunguka, na nikayaona majina ya majahazi yakitoka kimoja kimoja, kama babu anasoma. Diski ya tatu ilikuwa imeota ukungu wa unyevu wa pwani. Haikusomeka, na daftari la kuirudia halipo tena. Mchwa walilila mimi nikiwa nimetulia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeyaona kwa macho yangu. Babbage hakuacha mashine kamili hata moja. Aliacha karatasi zilizoeleza kila gurudumu na kila jino lake, na karatasi hizo zikatosha. Yale yaliyopona katika diski zangu nimeyachapa karatasini nakala tatu, kila moja nyumba yake. Nawe msomaji, kama una kanda, picha au diski za wazee wako, anza kwa kuandika ni za nini, za nani, na zilifunguliwa kwa chombo gani. Fanya hivyo leo, mchwa hawangoji.