Dk. Ernest Everett Just na Ngozi ya Seli

Sekondari wengi wetu tulichorewa seli kama mfuko tu: kiini katikati, utando pembeni, basi. Mmoja wa watu walioupa utando huo heshima yake ni Mmarekani mweusi, Dk. Ernest Everett Just.

Alizaliwa Charleston, South Carolina, tarehe 14 Agosti 1883. Baba alifariki yeye akiwa na miaka minne, akalelewa na mama yake, Mary, aliyekuwa mwalimu. Alikwenda kaskazini kusoma, akamaliza Dartmouth mwaka 1907 kwa alama za juu, na mwaka huo huo akaanza kufundisha Howard, chuo kikuu cha watu weusi pale Washington. Kuanzia 1909 likizo zake nyingi za kiangazi alizitumia Woods Hole, Massachusetts, kwenye maabara ya viumbe wa baharini. Udaktari alipata Chicago, 1916.

Kazi yake ilikuwa mayai ya minyoo ya baharini na ya wale wanyama wenye miiba kama nungunungu. Mayai hayo hurutubishwa majini, kwa hiyo kila kitu unakiona kwa darubini. Just aliona kwamba mbegu ya kiume ikishagusa yai, badiliko linasambaa kama wimbi juu ya yai zima kuanzia pale ilipogusa, kisha utando wa nje unanyanyuka.

Akajaribu kuyatia mayai kwenye maji ya bahari yaliyozimuliwa. Hapo chumvi ya nje inakuwa kidogo kuliko ya ndani, maji yanaingia na yai linavimba. Hiyo ndiyo osmosisi tuliyokariri. Lakini aligundua kwamba yai halistahimili sawa kila wakati: utando unaponyanyuka, linapasuka kirahisi kuliko kabla ya hapo. Maana yake tofauti ya chumvi peke yake haitoshi kueleza. Lazima uangalie na hali ya ngozi ya seli kwa dakika ile. Kwake yeye ngozi hiyo ilikuwa hai, inafanya kazi.

Pamoja na sifa zote hizo, vyuo vikubwa vya wazungu kwao havikumpa kazi, kisa rangi. Akavuka bahari: Naples mwaka 1929, Berlin mwaka 1930. Manazi waliposhika Ujerumani, akahamishia utafiti wake Ufaransa. Mwaka 1939 akatoa kitabu chake kikubwa, The Biology of the Cell Surface. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaivamia Ufaransa, jamaa akakamatwa na kuwekwa kambini. Alipoachiwa alirudi Marekani, tayari mgonjwa. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 58.

Leo tunajua utando una vijibomba vya protini vya kupitisha maji. Peter Agre, aliyevigundua, alipewa Nobel ya kemia mwaka 2003. Just hakuwa na vifaa vya kuviona, ila alishajua kwamba mlangoni mwa seli pana mambo. Marekani ilimtolea stempu ya posta mwaka 1996, miaka 55 baada ya kuzikwa. Wenzangu, mkipita maktaba za vyuo vyenu ulizieni kitabu chake. Na wale wa biolojia, msikisome peke yenu, mtusimulie na sisi wahandisi.