Louis Pasteur na Maradhi ya Kuku

Wengi wetu twalijua jina la Louis Pasteur kwa sababu ya maziwa, au kwa sababu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Mimi nataka kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari zake kwa kupitia mlango wa banda la kuku. Bwana huyu alijifunza mambo makubwa kutokana na kuku na mayai, na mambo hayo yatuhusu sisi tunaofuga, shuleni na nyumbani.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1822, katika mji wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa amepigana katika jeshi la Napoleon, na baada ya vita akafanya kazi ya kutengeneza ngozi. Louis alikulia Arbois, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kuchora picha za watu. Alipopelekwa Paris kusoma, akiwa na miaka 15, alishikwa na hamu ya kwao hata ikabidi baba yake aende kumchukua. Nadhani habari hii itawafariji wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza ambao bado hawajazoea bweni. Baadaye alirudi Paris, akasoma kemia, akawa mwalimu, na mwaka 1849 akamwoa Marie Laurent, aliyemsaidia katika kuandika kazi zake.

Walijaliwa watoto watano, na watatu wakafa wangali wadogo. Jeanne alikufa mwaka 1859 akiwa na miaka 9, na Cécile mwaka 1866 akiwa na miaka 12, wote wawili kwa homa ya matumbo. Wakati ule hakuna aliyejua homa hiyo yaletwa na nini. Leo twajua kuwa yaletwa na bakteria wa jamii ya Salmonella, na kwamba wako wengine wa jamii hiyo hiyo ambao huingia katika mayai ya kuku na kuwadhuru vifaranga, na wengine huwadhuru hata walaji. Pasteur aliwazika binti zake bila kumjua adui huyo.

Alipofiwa na Cécile alikuwa katika kazi ya viwavi wa hariri huko Alès, kusini ya Ufaransa, kazi aliyoianza mwaka 1865. Viwavi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa madoadoa, na wenyeji walikuwa wakifilisika. Pasteur aliona kuwa ugonjwa huo hutoka kwa nondo jike na kuingia katika mayai yake. Basi akafundisha kwamba kila nondo atage peke yake. Kisha nondo huyo apondwe na kutazamwa kwa hadubini, na akionekana ana ugonjwa, mayai yake yachomwe moto. Mwezi wa Oktoba, 1868, kazi hiyo ikiendelea, alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto. Alikuwa na miaka 45 tu. Tangu hapo kazi nyingi za mikono zilifanywa na wasaidizi wake.

Mmoja wa wanafunzi wake, Ulysse Gayon, ndiye aliyeyashughulikia mayai ya kuku. Siku zile wako wataalamu walioamini kuwa vijidudu hujizua vyenyewe katika kitu kinachooza, na walitoa yai kuwa ushahidi. Walisema yai limefungwa pande zote kwa ganda, lakini huwa viza. Je, vijidudu vimetoka wapi? Katika kazi aliyoitoa mwaka 1875, Gayon alionyesha kuwa mayai viza yana vijidudu ndani yake, na kwamba vijidudu kama hivyo vyapatikana katika njia ya mayai ya kuku mwenyewe. Maana yake vyaweza kuingia kabla ganda halijafanyika.

Hapa naomba niuache mwaka 1875 kidogo. Mwaka 1900 Bwana Leo Rettger wa Marekani alieleza habari za bakteria anayewaua vifaranga kwa mharo mweupe, na baadaye ikajulikana kuwa bakteria huyo hukaa katika mfuko wa mayai wa kuku mkubwa aonekanaye mzima kabisa. Dawa yake kubwa katika nchi nyingi imekuwa kupima damu ya kuku mmoja mmoja na kumwondoa mwenye ugonjwa, yaani kumchunguza mama kabla ya kuyaamini mayai, kama walivyofanyiwa nondo wa Alès.

Njia ya pili ni ganda. Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu. Yai likitagwa huwa na joto. Likipoa, vilivyomo hujikunja na kuvuta hewa ndani, pamoja na vijidudu vya uchafu ulioshika juu ya ganda. Kuliosha yai kwa maji baridi huzidisha hatari hiyo. Na uchafu watoka wapi? Watoka kwa kuku wenyewe, kwa panya, na kwa ndege wa porini. Katika banda letu shomoro na njiwa huja kila asubuhi kula pumba pamoja na kuku, na kinyesi chao huanguka katika chakula na maji. Sisemi kuwa shomoro ndiye mkosaji daima, maana mara nyingi yeye ndiye anayeupata ugonjwa bandani na kwenda nao kwingine. Lakini wavu wenye matundu madogo bei yake si kubwa kama ya kuku. Kuku watano wa mama wakifa kwa juma moja, nauli ya mtoto ya kurudi shuleni imekwenda.

Sasa turudi kwa Pasteur. Mwaka 1878 alifanya jambo la ajabu. Kuku hapatwi upesi na kimeta, naye alidhani sababu ni joto kubwa la mwili wake. Akamtia kuku kimeta na kumweka katika maji baridi, kuku akafa. Mwingine akamfanyia vivyo hivyo, kisha akamtoa majini na kumpasha joto, naye akapona.

Ndipo Henry Toussaint, mwalimu wa utabibu wa mifugo huko Toulouse, alipompelekea vijidudu vya kipindupindu cha kuku. (Wengine huuchanganya ugonjwa huu na mdondo, lakini mdondo huletwa na virusi.) Pasteur aliviotesha katika mchuzi wa kuku, na tone dogo lilitosha kumwua kuku. Lakini simbilisi walipochomwa sindano hiyo waliota jipu tu, wakaendelea kula na kucheza. Pasteur akatambua kuwa kuku wakikaa pamoja na simbilisi wenye majipu hayo waweza kuambukizwa na kufa, na simbilisi wasipatwe na neno. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko yote, maana laonyesha kuwa mnyama mzima aweza kubeba mauti ya mwenzake. Ndege wa porini, hasa mabata, huweza kubeba ugonjwa huu, ingawa mara nyingine wao wenyewe hufa kwa maelfu.

Husimuliwa kuwa aliivumbua chanjo kwa bahati, baada ya vijidudu kusahauliwa chupani wakati wa likizo. Waliosoma madaftari yake wameona kuwa haikuwa bahati tu. Ilikuwa kazi ya miezi mingi, na Emile Roux, msaidizi wake, alikuwa na sehemu kubwa. Vijidudu vilivyokaa muda mrefu vilidhoofika, na kuku waliochanjwa navyo waliweza kuvistahimili vile vikali. Alitangaza habari hizo mwaka 1880. Chanjo yenyewe haikuwa ya kutegemewa sana mashambani, lakini njia ile ilimfikisha kwenye chanjo ya kimeta mwaka 1881, na mwaka 1885 kwenye ya kichaa cha mbwa.

Mwaka 1887 serikali ya New South Wales, Australia, iliahidi zawadi ya pauni 25,000 kwa mtu atakayewamaliza sungura waliokuwa wakiharibu malisho. Pasteur akatoa shauri la kuwaua kwa kipindupindu cha kuku, akamtuma Adrien Loir, mtoto wa ndugu wa mke wake. Majaribio yalifanywa katika kisiwa kidogo cha Rodd, katika bandari ya Sydney. Sungura waliokula chakula chenye vijidudu walikufa, lakini hawakuwaambukiza wenzao vya kutosha, na watu waliwahofia kuku wao na ndege wa nchi ile. Shauri likakataliwa, na zawadi hakupewa mtu. Naona waliokataa walikuwa na haki, kwani ugonjwa ukishaingia kwa ndege wa porini hakuna awezaye kuuita urudi.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na kaburi lake limo ndani ya Taasisi iliyofunguliwa kwa jina lake mjini Paris mwaka 1888. Vijidudu vya kipindupindu cha kuku navyo huitwa kwa jina lake, Pasteurella, jina vilivyopewa mwaka 1887, mwenyewe angali hai.