Solomon Mahlangu: Kijana wa Mamelodi Ambaye Jina Lake Limebaki Mazimbu

Na Mwandishi Wetu, Kilakala, Morogoro

Kutoka Kilakala, chini ya Milima ya Uluguru, mtu akiuvuka mji wa Morogoro hufika Mazimbu, ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo inayoitwa Solomon Mahlangu. Jina hilo hutajwa kila siku na wanafunzi na wakazi wa Manispaa. Mwenye jina alinyongwa mjini Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979, akiwa na umri wa miaka 22.

Solomon Kalushi Mahlangu alizaliwa tarehe 10 Julai, 1956 nchini Afrika Kusini. Alikulia Mamelodi, kitongoji cha Waafrika karibu na Pretoria, akilelewa na mama yake, Martha, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Wakati huo wazungu, waliokuwa wachache, walishika serikali, ardhi na mahakama. Sheria iliwapanga watu kwa rangi na kabila, ikaamua nani aishi wapi, afanye kazi gani na atembee na pasi gani. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilimwekea mtoto wa Kiafrika elimu duni kwa makusudi.

Tarehe 16 Juni, 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, nao wakapigwa risasi. Ghasia zilienea hadi Mamelodi, shule ikafungwa, na Mahlangu hakumaliza masomo. Mwaka huohuo alijiunga na chama cha ANC, akaondoka nchini kwa siri na kupata mafunzo ya kijeshi ya Umkhonto we Sizwe.

Alirejea Juni 1977 akiwa na wenzake wawili. Tarehe 13 Juni waligunduliwa katikati ya Johannesburg. Katika purukushani iliyofuata, raia wawili waliuawa na wengine wawili wakajeruhiwa. Mmoja wa vijana hao alitoroka. Mahlangu na Mondy Motloung walikamatwa. Motloung alipigwa hata akapata madhara ya ubongo, akaonekana hawezi kusimama kizimbani. Mahlangu alishtakiwa peke yake.

Mahakama ilikubali kwamba si yeye aliyefyatua risasi zilizoua. Hata hivyo ilimtia hatiani kwa hoja ya nia ya pamoja, na tarehe 2 Machi, 1978 ikamhukumu kifo. Maombi yake ya kukata rufaa yalikataliwa. Umoja wa Mataifa na serikali mbalimbali ziliomba asinyongwe. Serikali ya Pretoria haikusikia.

Vifo vya raia wale wawili ni msiba usiopaswa kufichwa, kwa kuwa sheria za kimataifa zinamlinda raia katika kila vita. Lakini sheria hizo pia zinauliza ni nani aliyehukumu, na kwa mamlaka gani. Mkataba wa Kimataifa wa Kukomesha na Kuadhibu Jinai ya Ubaguzi wa Rangi, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 30 Novemba, 1973, ulianza kutumika tarehe 18 Julai, 1976, mwezi mmoja baada ya mauaji ya Soweto. Mkataba huo unautaja mfumo huo kuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Aidha, siku tano kabla ya Mahlangu kukamatwa, Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva ilipitishwa, ikizitambua vita za watu wanaopigana na tawala za kibaguzi kuwa vita vya kimataifa. Afrika Kusini haikujiunga nayo wakati huo, na Mahlangu alihukumiwa kama mhalifu wa kawaida.

Tanzania ilikuwa imewapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu ili vijana waliokimbia wapate kusoma. Baada ya Mahlangu kunyongwa, shule hiyo ilipewa jina lake, na kijana aliyekatishwa masomo akawa jina la shule. Mwaka 1992, ANC ilipokuwa imeruhusiwa tena kufanya siasa nyumbani, majengo yalikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Aprili, mabaki ya Mahlangu yalizikwa upya Mamelodi.

Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unautaja ubaguzi wa rangi wa aina hiyo, pamoja na mateso dhidi ya kundi lolote kwa sababu ya rangi, taifa au kabila, miongoni mwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kinga hiyo haitegemei wingi wa watu: inalihusu kundi dogo lisilo na sauti sawa na umma mkubwa ulionyimwa kura. Nchini Tanzania, Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa kabila, rangi au mahali alipotokea. Kila mwananchi anao wajibu wa kuilinda ibara hiyo, kwani Afrika Kusini ya Mahlangu ilionesha kuwa ubaguzi ukishaandikwa kuwa sheria, hata mahakama huwa chombo chake.