Ngongo ya Chintu: mchongaji mwenye kazi yake ilijulikana mbele ya jina lake

Ku Butembo, mtu akitaka kitanda cha libuyu ama viti vya saluni, anajua atelye yenye ataenda na fundi mwenye ataomba. Jina la fundi ndilo linauza kazi. Fundi akifariki, jirani wanaendelea kwa miaka kadhaa kusema kwamba kitanda kile ni mkono wake. Kisha watoto wanakua, jina linapotea, kitanda kinabaki.

Mambo hayo yalimfikia pia mchongaji mmoja wa mashariki mwa Kongo, mwenye wataalamu wa sanaa wanamuhesabu leo kati ya wakubwa wa Afrika nzima. Kazi zake ziko katika makumbusho ya New York, London na Tervuren, kule Ubelgiji. Lakini kwa miaka mingi vitabu vilimuita tu Fundi Mkuu wa Buli, juu Buli ni kijiji chenye kazi zake mbili zilitoka. Jina lake mwenyewe ni Ngongo ya Chintu.

Mtu wa Lualaba

Aliishi katika karne ya 19. Makumbusho makubwa ya New York yanakadiria maisha yake kati ya mwaka 1810 na 1870 hivi. Kwao ni eneo la mito Lualaba na Lukuga, leo jimbo la Tanganyika, mahali Waluba na Wahemba wanakutana. Hakukuwa picha wala karatasi wakati ule. Maisha yake yanasomwa katika mbao alizoacha, na katika jina lenye watu wa kwao walimpa.

Jina hilo lina uzito. Ngongo ya Chintu maana yake ni chui mkubwa, baba wa vitu vya kuchongwa. Msomaji wa Kiswahili anasikia ndani yake neno kitu, na Munande anasikia ekindu. Chui ni mnyama wa wafalme. Kumuita fundi chui ilikuwa kusema kwamba kazi yake inamuweka karibu na wakubwa wa inchi.

Kiti chenye si cha kukalia

Kwa Waluba, sanamu haikuchongwa ili kupamba nyumba. Kitu cha kwanza ambacho mchongaji mkubwa aliombwa ni kiti cha mfalme ama cha chifu. Siku ya kutawazwa, chifu alikaa juu yake, na hapo ndipo utawala wake ulianza. Kisha siku hiyo kupita, kiti hakikuwekwa barazani. Kilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, kikalindwa, mara nyingi katika kijiji kingine. Watu wachache tu walikiona. Nguvu yake ilikuwa katika kujulikana kwamba kipo.

Chini ya kiti, mwenye kukibeba ni mwanamke. Mgeni anaweza kufikiri huyo ni mtumwa anayebebeshwa mzigo. Sivyo. Waluba waliona kwamba mwili wa mwanamke ndio una nguvu ya kushika roho ya mfalme. Mfalme akifa, mwanamke aliyeitwa mwadi alipokea roho yake, na makao ya marehemu yakawa mahali pa heshima. Basi mwanamke wa chini ya kiti ndiye msingi wa utawala wenyewe. Chale za tumboni mwake na nywele zake zilizosukwa kwa ustadi zinaonyesha mtu aliyekamilika, mwenye kuheshimiwa.

Ngongo ya Chintu alichonga pia mwanamke aliyeketi, mwenye kushika bakuli. Ndani ya mabakuli ya aina hiyo mliwekwa udongo mweupe, alama ya usafi na ya kuwasiliana na roho za wakubwa waliotangulia. Kazi hiyo iko Tervuren.

Mkono wenye haufanani na mwingine

Vyombo vyake vilikuwa tezo na kisu. Kiti kizima, pamoja na mwanamke wake, kilitoka katika gogo moja. Hakuna msumari, hakuna gundi, hakuna kipande cha kuunganisha. Tezo ikikosea mara moja kwenye pua ama kidole, kazi ya siku nyingi imeharibika.

Wachongaji wengi wa Waluba walipenda uso wa duara, laini, wa msichana aliyetulia. Yeye alichonga uso mrefu, mashavu yenye mifupa inaonekana, macho yanayoangalia chini. Wanawake wake wamezeeka kidogo. Mikono yao ni mikubwa kuliko miili yao, na vidole vimefunguka kabisa chini ya kiti, kama vya mtu anayesikia uzito na hataki kuuachilia. Mwenye kuwaona mara moja anawatambua popote.

Jina linapotea

Nusu ya pili ya karne ile ilikuwa mbaya kwa eneo lote. Misafara kutoka pwani ilifika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za ndovu na watumwa, bunduki zikaingia, vijiji vikahama. Utawala wa Waluba ukadhoofika. Mwaka 1885 ikaja Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold wa Pili. Maofisa na wafanyabiashara wakaanza kubeba sanamu kwenda Ulaya. Zingine zilinunuliwa, zingine zilichukuliwa kwa nguvu. Wenye kuzibeba waliandika mahali, mara nyingine kabila. Fundi hakuulizwa, juu wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika hachongi kama mtu mmoja, ni kabila tu linachonga.

Mmoja wa watu wa kwanza kupinga wazo hilo kwa kazi zenyewe alikuwa Mbelgiji Frans Olbrechts. Katika miaka ya 1930 alilinganisha sanamu za Kongo zilizosambaa katika makumbusho mbalimbali, akaona nyuso zile ndefu zinarudi. Aliziweka pamoja, akaeleza mtindo wa Buli katika kitabu chake cha mwaka 1946. Leo kazi karibu 20 zinahesabiwa za mtindo huo. Wataalamu wengine wanaona ndani yake mikono miwili, labda fundi na mwanafunzi wake. Jambo hilo halishangazi mtu aliyepita katika atelye: kijana anayejifunza anaanza kwa kufuata mkono wa mwalimu.

Jina lilipatikana katika miaka ya 1970, si katika maktaba ya Ulaya, ila kijijini. Wenye kiti kimoja cha mtindo ule walikuwa wangali wanakumbuka nani alikichonga. Walisema: Ngongo ya Chintu. Miaka mia moja hivi ilikuwa imepita, na hakuna aliyeliandika. Lilipita kinywa kwa kinywa pamoja na kiti, juu kiti kilikuwa kingali nyumbani. Viti vilivyosafiri vilifika Ulaya bila jina.

Mwezi wa pili 2022, serikali ya Ubelgiji iliipa Kinshasa orodha ya vitu 84,000 vya Kongo vyenye viko Tervuren, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kufungua njia ya kuvirudisha. Mazungumzo mengi yanahusu nani ni mwenye vitu hivyo. Kiti kile cha kijijini kinaongeza swali lingine, la nani alivitengeneza. Swali hilo lina majibu kama wazee wa vijiji wangali hai na wanaulizwa. Wakaaji wa Beni wanajua namna gani ukimbizi unavunja kumbukumbu kama hiyo: familia inaondoka usiku, viti vinabaki, na kesho hakuna mtu wa kueleza vilitoka mkono wa nani.

Fundi wa mbao wa Butembo hachongi tena kwa ajili ya kutawaza chifu. Anachonga milango, vitanda, mimbari za kanisa, sanamu za kuuza. Lakini anaweza kufanya kitu kimoja chenye Ngongo ya Chintu hakuwa na namna ya kufanya: kugeuza kiti, kuandika chini yake jina, mahali na mwaka. Kazi hiyo inaomba dakika moja tu.