Wild Bill Hickok: Msee Aliyedunguliwa Akiwa na A Mbili na 8 Mbili Mkononi, na Somo Lake kwa Mbogi ya Karata

Kama umewahi kukaa base yoyote hapa Kalimoni jioni, unajua vile mambo huenda. Kuna jerikeni zimegeuzwa kuwa viti, kuna karata zimechakaa mpaka zina harufu ya omena, na kuna msee mmoja amebaki na karata moja anapiga kelele ati ako kadi. Hiyo game sisi huita poka. 2 na 3 zinakulisha karata, J inaruka mtu, K inarudisha game nyuma, Q na 8 ni maswali, na A ndiyo mdosi, inabadilisha kila kitu.

Sasa shida ni hii. Huyo msee akifungua simu akapata poka ya ukweli, ile ya Wazungu, anadhani anaijua. Anaweka doh, inaenda. Anaweka ingine, inaenda pia. Na game inayowamaliza wageni haraka zaidi inaitwa Omaha.

Leo nitakufunza Omaha kutoka zero. Lakini kwanza acha nikupe stori ya jamaa ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na meza ya karata, karibu miaka 150 baada ya kuzikwa. Huyu ni James Butler Hickok, dunia nzima ikimjua kama Wild Bill.

Kijana wa shamba

Hickok alizaliwa Mei 27, 1837, kijiji cha Homer, jimbo la Illinois, Marekani. Siku hizi hapo panaitwa Troy Grove. Wazazi wake walikuwa wakulima waliochukia utumwa, na inasemekana boma lao lilikuwa moja ya zile nyumba za kuficha watumwa waliotoroka kutoka kusini. Kwa hivyo huyu kijana alikua akijua kitu moja mapema: kuna siku sheria inasema hivi na haki inasema vile, na ni wewe utachagua.

Akiwa na miaka 18 alitoka ocha akaenda Kansas, wakati huko watu walikuwa wanauana juu ya swali la kama Kansas itakuwa na utumwa au la. Hickok alijiunga na upande wa kupinga. 1858, akiwa na miaka 20 tu, akachaguliwa konstebo wa kijiji cha Monticello. Ebu fikiria, umri ambao wengi wetu bado tunaomba mathe fare.

Julai 12, 1861, akifanya kazi Rock Creek Station, kituo cha magari ya farasi kule Nebraska, kulizuka ugomvi wa deni la kituo na mtu anaitwa David McCanles akapigwa risasi akadedi. Mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa alifyatua. Lakini jina la Hickok ndilo lilibaki midomoni. Weka hiyo Nebraska akilini, tutairudia.

Saa ya mfukoni iliyoua mtu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Hickok aliingia upande wa Kaskazini. Aliendesha magari ya mizigo, akawa skauti, akawa jasusi. Vita vilipoisha 1865 alikuwa Springfield, Missouri, hana kazi ya maana. Akageukia karata.

Hapo ndipo kulikuwa na Davis Tutt. Walikuwa wametoka pande tofauti za vita lakini walikuwa wanabonga poa, mpaka wakakosana. Hickok akakataa kucheza na yeye. Tutt naye akaanza kuwapea pesa wasee wengine ili wacheze na Hickok wamfilisi. Lakini usiku huo karata zilikuwa upande wa Hickok. Tutt alipoona doh inaisha, akadai deni la zamani. Tutt alisema ni dola 35, Hickok akasema ni 25. Wakati wanabishana, Tutt akanyakua saa ya Hickok iliyokuwa mezani, akasema ni dhamana.

Sikia, kama wewe ni mchezaji na mtu anatembea mtaani na saa yako, anatangazia kila mtu kwamba hulipi madeni. Hakuna mtu atakuketisha mezani tena. Hickok alimwonya Tutt asithubutu kuvaa hiyo saa hadharani. Julai 21, 1865, Tutt akaivaa na kutembea katikati ya mji.

Walisimama umbali wa kama mita 70. Wote wakafyatua. Risasi ya Tutt ilikosa, ya Hickok ikamwingia mbavuni. Hickok alishtakiwa, jopo la raia likamwachilia. Mtu alikufa juu ya tofauti ya dola kumi. Rudia hiyo polepole: dola kumi.

Jina kubwa kuliko mtu

1867, jarida la Harper's lilichapisha stori ndefu kumhusu, na mwandishi aliongeza chumvi mpaka ikawa bahari. Ati ameua mamia ya watu. Hiyo ilikuwa clickbait kabla clickbait haijapewa jina, na nasema hivyo nikijua kazi yangu ni gani. Kutoka siku hiyo, kila fala mwenye mguu wa kuku alitaka kumjaribu.

Akawa sherifu kule Hays City 1869, kisha akawa mkuu wa sanse wa mji wa Abilene, Kansas, 1871. Abilene ulikuwa mji wa wachunga ng'ombe wenye mshahara mkononi na mabaa kila upande. Hickok alilinda mji akiwa amekaa sana meza ya karata, hapo hapo ndani ya baa.

Oktoba 5, 1871, kulikuwa na vurugu usiku. Mcheza kamari anaitwa Phil Coe alifyatua risasi, Hickok akamjibu na kumjeruhi vibaya, na Coe akafa baadaye. Sekunde hiyo hiyo Hickok akasikia mtu anakuja mbio. Akageuka, akafyatua. Alikuwa Mike Williams, msaidizi wake, beshte yake, aliyekuwa anakimbia kuja kumsaidia.

Hakuna rekodi ya Hickok kuua mtu mwingine tena baada ya usiku huo. Miezi michache baadaye mji ukamfuta kazi. 1873 alijaribu uigizaji kwa shoo ya rafiki yake Buffalo Bill, akaichukia. Macho yake yakaanza kufifia. Msee aliyeishi kwa shabaha alikuwa anapoteza macho.

Deadwood

Machi 1876 alimwoa Agnes Lake, mama mjane aliyekuwa na sarakasi yake. Kisha akamwacha nyumbani, akaenda kutafuta dhahabu milima ya Black Hills, mji unaitwa Deadwood. Mpango ulikuwa aomoke, kisha amtumie mke habari njema. Mpango ambao kila msee wa kubet anao.

Hiyo ardhi ilikuwa ya Walakota kwa mkataba wa 1868. Wazungu walivamia juu ya dhahabu. Sisi watu wa pande hizi za Juja na Thika hatuhitaji kufafanuliwa hiyo stori, mashamba makubwa ya huku yalikatwa vivyo hivyo. Na kuna uzi unatufunga kabisa: sherifu wa kwanza wa Deadwood, Seth Bullock, aliyefika mjini siku moja kabla Hickok auawe, baadaye alikuwa beshte mkubwa wa Theodore Roosevelt. Roosevelt huyo huyo, 1909, alikuja kuwinda na akakaribishwa Juja Farm, kwa tajiri Mmarekani anaitwa William Northrup McMillan. Juja Farm, hapa hapa kwetu.

Deadwood, Hickok alicheza karata zaidi ya kuchimba. Agosti 1 alicheza na kijana anaitwa Jack McCall, akamla doh yote. Inasemekana alimhurumia akampea pesa kidogo ya kula. McCall alichukulia hiyo huruma kama matusi.

Agosti 2, 1876, Hickok aliingia baa ya Nuttal & Mann's. Kawaida yake alikaa mgongo ukiwa kwa ukuta. Siku hiyo kiti cha ukuta kilikuwa na mtu. Aliomba wabadilishane mara mbili, akakataliwa. Angeweza kwenda nyumbani. Alikaa. McCall akaingia, akasimama nyuma yake, akampiga risasi kichwani. Hickok alikuwa na miaka 39.

Kesi ya kwanza ilisikizwa na wachimba dhahabu, wakamwachilia McCall baada ya kudai Hickok aliua ndugu yake. Lakini Deadwood ilikuwa kwa ardhi ya Walakota, korti yake haikuwa halali. Akashtakiwa upya mji wa Yankton na akanyongwa Machi 1, 1877.

Stori iliyoenea miaka mingi baadaye inasema mkononi Hickok alikuwa na A mbili nyeusi na 8 mbili nyeusi. Karata ya tano, kila mtu na yake. Ndiyo maana mpaka leo huo mkono unaitwa mkono wa marehemu. Umeona? A na 8, mdosi na swali, hata kwa poka yetu ya base.

Sasa tuingie Omaha

Omaha ni mji wa Nebraska, jimbo lile la Rock Creek. Game yenyewe Hickok hakuijua. Ilipata umaarufu Las Vegas miaka ya 1980, pale mchezaji Robert Turner alipoipeleka kwa Bill Boyd, aliyesimamia chumba cha karata cha kasino ya Golden Nugget.

Kwanza jua nguvu za mikono, kutoka dhaifu kwenda juu: karata kubwa pekee, pea moja, pea mbili, tatu za aina moja, tano zinazofuatana, tano za ua moja, tatu pamoja na pea, nne za aina moja, na ya mwisho ni tano zinazofuatana zikiwa za ua moja.

Hatua ni hizi. Wachezaji wawili baada ya aliyegawa wanaweka pesa ya lazima, ndogo na kubwa. Kila mtu anapewa karata nne za siri. Mnaweka dau au unajitoa. Karata tatu zinafunguliwa katikati kwa kila mtu kuona. Mnaweka dau. Ya nne inafunguliwa, dau. Ya tano, dau ya mwisho. Waliobaki wanaonyesha. Mara nyingi dau lako haliwezi kupita pesa iliyo tayari katikati: kukiwa na mia moja na hakuna aliyebet, mwisho wako ni mia moja.

Na sheria inayoua wageni: lazima utumie karata mbili kutoka mkononi na tatu kutoka katikati. Si moja, si tatu. Mbili kamili.

Chukua mkono wa Hickok: A ya spedi, A ya maua, 8 ya spedi, 8 ya maua. Katikati kuna K ya kopa, 9 ya diamondi, 5 ya kopa, 4 ya maua, 2 ya kopa. Uko na nini? Mgeni anaruka anasema pea mbili, za A na za 8. Zii. Ukitumia A mbili, nafasi zako za mkononi zimeisha. Uko na pea moja tu ya A, na K, 9 na 5 za katikati. Msee mwenye K na 9 amekupita na pea mbili. Mwenye A na 3 ana A, 2, 3, 4, 5 zinazofuatana. Mwenye kopa mbili zozote ana kopa tano, amewapita nyote.

Na kukiwa na maua manne katikati na wewe una ua moja tu mkononi, hauna kitu ya maua. Unahitaji mawili.

Mbona mikono ni mikali hivi? Hesabu. Karata nne zinatoa pea sita tofauti za kuchagua. Kila mtu mezani ana nafasi sita, si wewe peke yako. Ndio maana pea moja Omaha ni kama mwavuli wa gazeti. Tafuta karata nne zinazosaidiana: namba zinazokaribiana na maua yanayolingana.

Kiti cha ukuta

Nitasema yangu kisha nitoke. Semester moja nilichukua karo, nikaingia meza fulani nikijua nitairudisha mara mbili kabla ya mtihani. Chuo nilikiacha hivyo. Hakuna aliyeniibia, sheria zilikuwa wazi, ni mimi sikuzijua. Na usiku huo nilijua kabisa nafaa kutoka. Nilikaa.

Kwa hivyo jifunze Omaha na vifuniko vya soda ama maharagwe kwanza, wiki mbili nzima. Kama hujafika miaka 18, sheria ya Kenya haikuruhusu kubet doh, kwa hivyo baki na maharagwe. Na siku ukipata viti vyote vya ukuta vimejaa, jua game si yako leo. Beba karata zako, shika mathree, enda keja.