Bibi Aliyeitafuta Siri ya Mzizi wa Zambarau

Wajapani wana mmea wauitao murasaki, na jina hilo hilo ndilo la rangi ya zambarau itokayo mizizini mwake. Tangu kale rangi hiyo ilitiwa katika nguo za wakubwa, na mizizi ikatiwa katika dawa. Tabibu mashuhuri Hanaoka Seishu, aliyefariki mwaka 1835, aliipika kwa mafuta ya ufuta na nta ya nyuki, akapata marhamu ya majeraha na ya mahali palipoungua. Marhamu hiyo, shiunko, ingali yatumika hadi leo. Lakini rangi yenyewe ni kitu gani? Jibu lilimngoja mwanamke.

Kuroda Chika alizaliwa Saga, kusini mwa Japani, mwaka 1884. Alisomea ualimu mjini Tokyo, na kwa mwanamke wa zama zile hapo ndipo ngazi ilipokoma, kwani vyuo vikuu vya dola vilikuwa vya wanaume. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Tohoku kikafungua mlango. Wizara ya Elimu ikaandika barua kuhoji jambo hilo lisilo mfano, lakini chuo hakikurudi nyuma. Wanawake watatu wakaingia, Kuroda akiwa mmoja wao, umri wake miaka 29. Alihitimu mwaka 1916.

Chini ya mwalimu wake, Majima Riko, aliushika mzizi wa murasaki. Kazi haikuwa nyepesi. Rangi ya mmea hutoka imechanganyika na vitu vingi, na mkemia hawezi kuijua mpaka aitenge, ibaki safi peke yake. Mwaka 1918 Bibi Kuroda aliwaeleza wanakemia wenziwe muundo wa rangi hiyo, iitwayo shikonini. Mwaka 1936 Mjerumani Hans Brockmann aliusahihisha muundo huo, lakini njia ilikuwa imekwisha kufyekwa.

Shikonini ni ya ukoo mmoja na rangi ya hina tuijuayo sote. Maabarani imeonekana kupunguza uvimbe na mwako wa kidonda, kuua baadhi ya vijidudu, na kusaidia nyama mpya kuota. Hata hivyo, mengi ya hayo yamepimwa kwa chembe hai na wanyama. Ushahidi kwa binadamu ungali mdogo. Mmea ulipoadimika, kiwanda cha Japani kilianza, mwaka 1983, kuzalisha shikonini kwa kukuza chembe za mmea ndani ya matangi.

Bibi Kuroda hakutosheka na mzizi mmoja. Mwaka 1921 alikwenda Oxford, Uingereza, kuongeza elimu. Mwaka 1929 alipata udaktari wa sayansi kwa kuchunguza rangi nyekundu ya ua la benibana, ambalo Wajapani hulitumia kwa vitambaa na kwa kupaka midomo. Uzeeni aligeukia maganda ya vitunguu, yale ambayo mpishi huyatupa jaani, na rangi yake ikafanyiwa dawa ya shinikizo la damu.

Mwaka 1959 taifa lake lilimtunukia nishani ya utepe, na utepe wenyewe ulikuwa wa zambarau. Alifariki mwaka 1968, akiwa na miaka 84. Wazee walijua kwamba mzizi unaponya. Bibi Kuroda alitaka kujua kwa nini, na mtafuta sababu hadharau waliotangulia, bali huwaongezea.